Mkono wa kwanza: tuliyojifunza kuhusu saratani ya ovari na jirani zake

Wagonjwa wengi wa saratani ya ovari hufika kliniki ya magonjwa ya wanawake wakiwa na bahasha nene ya karatasi. Humo utakuta dawa za vidonda vya tumbo, dawa za gesi, antibayotiki za U.T.I. mara mbili au tatu, pengine na dawa za minyoo. Karatasi ya mwisho kabisa ni ya ultrasaundi, iliyoombwa tumbo likiwa limeshajaa. Ukisoma karatasi moja moja, kila moja ina sababu yake. Ukizipanga kwa tarehe, unaona ugonjwa uleule ukibisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Kuzisoma bahasha hizi mwaka hadi mwaka kumetufundisha jambo tunaloliandikia hapa: kwenye saratani za via vya uzazi vya mwanamke, mkono wa kwanza kumgusa mgonjwa huamua mengi ya yatakayofuata, na makosa yake mengi hakuna dawa ya baadaye inayoyafuta.

Tuanze na dalili, maana bado kuna wanaofundisha kwamba saratani ya ovari haina dalili mpaka iwe imechelewa. Inazo, na kuu ni nne: tumbo kujaa lisipungue, kushiba haraka, maumivu ya tumbo la chini au nyonga, na mkojo unaobana kila mara. Kila mwanamke amewahi kuzipata. Kinachotofautisha ni kwamba hizi ni mpya na zinang'ang'ania: zimeanza ndani ya mwaka mmoja uliopita, tena zinatokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Hilo hulipati kwa kuuliza "tumbo linakusumbua?" Unalipata kwa maswali madogo. "Mama, sketi zako za mwaka jana bado zinafunga kiunoni?" "Ukianza kula, unashiba baada ya vijiko vingapi?" "Usiku unaamka mara ngapi kukojoa, na mwaka jana ulikuwa unaamka mara ngapi?" Mwanamke ambaye mikono na mashavu vimekonda huku sketi hazifungi, huyo ameshakuambia kila kitu. Na aliyevuka miaka 50 anayeambiwa kwa mara ya kwanza maishani kwamba utumbo wake una msokoto unaoletwa na mawazo (IBS), achunguzwe ovari kwanza, kwa sababu ugonjwa ule wa utumbo ni nadra kuanza umri huo.

Kabla ya picha yoyote, mikono ifanye kazi. Tumbo lipapaswe, mgonjwa apimwe ukeni na kwenye njia ya haja kubwa. Hiki cha mwisho huachwa kwa aibu au haraka, na ndicho kinachogusa ule mfuko ulio nyuma ya kizazi ambako vinundu vigumu vya saratani hupenda kutua. Ultrasaundi ya juu ya tumbo huvikosa mara nyingi, kidole huweza kuvigusa. Papasa mitoki ya kinena na ile ya juu ya mtulinga. Sikiliza sehemu ya chini ya mapafu, kwa maana maji yanaweza kuwa yameshapanda kifuani. Na mwanamke yeyote anayeona siku zake apimwe ujauzito, hata akikuambia haiwezekani.

Ultrasaundi ikifanyika ukeni huonyesha zaidi. Jibu linaloandika tu "uvimbe kwenye ovari ya kushoto" halitoshi, lirudishwe. Tunataka kujua mambo matano: uvimbe una vyumba vingi? Una nyama ndani? Uko pande zote mbili? Kuna maji tumboni? Kuna dalili ya kusambaa? Uvimbe wa maji matupu, wenye ukuta mwembamba, chini ya sentimita 5, kwa mwanamke anayeona hedhi, kwa kawaida huondoka wenyewe na hauhitaji kisu. Nyama ndani ya uvimbe ni habari nyingine, hasa ikiwa na mishipa ya damu inayopita ndani yake.

Sasa CA-125, kipimo cha damu kinachoponza watu pande zote mbili. Kikomo kinachotumika ni 35. Saratani ya ovari iliyosambaa hukipandisha kwa wagonjwa takriban 8 kati ya 10, lakini ile ya hatua ya kwanza, ambayo ndiyo tungependa kuikamata, hukipandisha kwa karibu nusu tu. Upande wa pili, kinapandishwa pia na endometriosi, fibroidi, maambukizi ya nyonga, ujauzito, hedhi yenyewe, ini lililosinyaa, moyo uliochoka na kifua kikuu cha tumbo. Kwa hiyo namba peke yake haisemi kitu, mpaka iwekwe pamoja na umri na picha. Kuna hesabu rahisi inayofanya hivyo. Chukua yale mambo matano ya ultrasaundi: kama hakuna hata moja, andika 0, kama ni moja, andika 1, yakiwa mawili au zaidi, andika 3. Kisha hedhi: bado anaona, andika 1, imekoma, andika 3. Zidisha hizo mbili, halafu zidisha kwa CA-125. Mama aliyekoma hedhi, mwenye uvimbe wa vyumba vingi na maji tumboni, CA-125 yake ikiwa 90, anapata 3 × 3 × 90, yaani 810. Ikizidi 200, mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa wa saratani za wanawake kabla mtu yeyote hajanoa kisu. Binti wa miaka 24 mwenye CA-125 hiyohiyo ya 90, akiwa na uvimbe wa chumba kimoja usio na lolote kati ya hayo matano, anapata sifuri. Namba ni ileile, safari ni tofauti kabisa.

Na hapa tuseme wazi, maana tunaulizwa kila wiki: mwanamke asiye na dalili wala historia ya ukoo hana faida ya kupima CA-125 kila mwaka. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa kipimo hiki na ultrasaundi, na majibu ya mwisho yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kwamba upimaji haukupunguza vifo. Wapo waliopasuliwa bila kuwa na saratani. Fedha na hofu ya kipimo hicho zielekezwe kwenye shingo ya kizazi, ambako uchunguzi wa mapema kweli unaokoa.

Kwa wasichana na wanawake walio chini ya miaka 40, usiombe CA-125 peke yake. Ongeza vipimo vya damu vya AFP, beta-hCG na LDH, kwa sababu umri huo, hasa kwa wasichana, kuna saratani zinazotoka kwenye chembe za mayai. Hizo hutibika kwa kiwango cha kutia moyo sana hata zikiwa zimesambaa, kwa bleomisini, etoposidi na sisplatini. Msichana wa aina hii huondolewa ovari iliyougua tu, akabaki na kizazi na ovari ya pili. Tunaumia kila tunapoona binti amefika akiwa ameshaondolewa kila kitu, kwa sababu aliyempasua aliona uvimbe mkubwa, akaogopa, na hakuwa na majibu ya damu ambayo yangemwambia angoje. Na pale ovari zote mbili zinapokuwa na uvimbe wa nyama tupu, ombeni CEA, kipimo kingine cha damu, na muangalie tumbo la chakula na utumbo mpana kwa kamera. CA-125 ikigawanywa kwa CEA na jibu likiwa chini ya 25, shaka iende kwenye utumbo: huenda ovari ni mgeni tu, saratani yenyewe ikiwa imeanzia kwingine.

Maji ya tumboni yanahitaji maneno ya kutosha, kwa sababu hapo ndipo saratani na kifua kikuu hubadilishana nguo. Vyote viwili hujaza tumbo, hukondesha, huleta homa za jioni kwa baadhi, hupandisha CA-125 hadi mamia, na hutawanya vinundu vidogo kwenye ngozi ya ndani ya tumbo. Hata ukifungua tumbo, macho hudanganyika. Yakivutwa maji, yasitupwe kwenye ndoo huku ml 5 zikipelekwa maabara. Jaza angalau ml 50 hadi 100 kwa ajili ya kutafuta chembe za saratani, na chupa nyingine kwa kifua kikuu na kwa kipimo cha adenosini diaminesi. Nyingine iwe ya kupima albumini. Siku hiyohiyo chukua albumini ya damu, utoe ile ya maji: tofauti ikiwa gramu 1.1 kwa desilita au zaidi, fikiria ini au moyo. Ikiwa chini ya hapo, fikiria saratani au kifua kikuu. Chupa ya maji ya kutafuta chembe ifike maabara mapema au ikae kwenye jokofu, maana chembe zilizooza kwenye joto humpa mpatholojia vivuli vya kukisia. Na majibu yakisema "hakuna chembe za saratani", hayajaifuta saratani. Bado kipande cha nyama kinatakiwa.

Lakini kipande hicho kitoke wapi? Hapa ndipo mkono wa kwanza huharibu zaidi. Uvimbe wa ovari ambao bado umefungika ndani ya ganda lake, usichomwe sindano, iwe ya kuvuta maji au ya kutoa nyama. Saratani iliyo ndani ya ovari moja, ganda likiwa zima, ni hatua ya IA. Ganda likipasuka mikononi mwa mpasuaji, hatua inakuwa IC1, na mgonjwa ambaye pengine angepona kwa kisu peke yake sasa anazungumzia kemo. Mgonjwa ni yuleyule, uvimbe ni uleule, kilichobadilika ni tone. Uvimbe wenye shaka utolewe mzima, na ukitolewa kwa matundu madogo uingizwe kwanza kwenye mfuko ndani ya tumbo. Hali inageuka pale ugonjwa unapokuwa umeshatapakaa. Hapo kipande huchukuliwa bila wasiwasi kwa sindano nene ikiongozwa na ultrasaundi, na mahali pazuri ni lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, ambalo saratani hii huligeuza kuwa kama mkate mgumu. Kemo isianzishwe bila kipande hicho, isipokuwa mgonjwa hawezi kabisa kuvumilia utaratibu huo. Kwake chembe za kwenye maji pamoja na vipimo vya damu vitabeba uamuzi.

Kipande chenyewe kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake uwe mara kumi ya kipande, na kisikae muda mrefu nje kabla ya kuzamishwa. Tumeona kizazi kizima kimekandamizwa kwenye chupa ndogo, formalini imegusa juu tu, ndani kimeoza. Karatasi ya maombi iandikwe umri, hedhi, CA-125, kilichoonekana, na kama mgonjwa ameshapata kemo. Mpatholojia asiyejua hayo anasoma kitabu kilichochanwa kurasa.

Upasuaji wa saratani ya ovari hufanywa kwa mpasuo wa wima, kuanzia juu ya kinena na kupanda juu ya kitovu kadiri ugonjwa unavyodai. Mpasuo wa mlalo, ule wa chini unaopendwa kwa urembo wake, haukufikishi kwenye kiwambo cha mapafu, na uso wa chini wa kiwambo hasa upande wa kulia juu ya ini ni mojawapo ya mahali ugonjwa unapojificha. Kabla ya kushika chochote, maji ya tumboni yavutwe, na kama hayapo, tumbo lioshwe kwa maji ya chumvi na hayo yapelekwe maabara. Kisha mkono upite kila mahali kwa mpangilio: mifereji ya pembeni mwa utumbo mpana, kidole tumbo, utumbo mwembamba wote kutoka mwanzo hadi mwisho, ini, wengu, kiwambo. Hutolewa kizazi, ovari zote na mirija yake, na lile pazia la mafuta. Vipande vidogo huchukuliwa sehemu zinazoonekana salama, ikiwa ugonjwa unadhaniwa kuwa wa mapema. Lengo kwa ugonjwa uliosambaa ni moja: asibaki na uvimbe hata mmoja unaoonekana kwa macho. Aliyebakiwa na sifuri anaishi muda mrefu kuliko aliyebakiwa na milimita chache, naye kuliko aliyebakiwa na sentimita. Mitoki iliyo laini na ya kawaida haihitaji kuchimbuliwa yote pale ugonjwa ukiwa umesambaa. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba kufanya hivyo hakuongezi maisha, kunaongeza madhara.

Kwa hiyo mpasuaji asiyeweza kufika kwenye kiwambo, au kukata utumbo na kuuunga, akifungua tumbo akakuta saratani imetapakaa, la heri ni kuchukua kipande, kuandika kwa undani alichokiona na wapi, kufunga na kumpeleka mbele. Kutoa kizazi tu na kuacha mengine kunamwachia anayefuata makovu na utumbo ulioshikana. Kwa mgonjwa dhaifu, au ambaye picha zinaonyesha kwamba haitawezekana kutoa kila kitu, njia ni kemo mizunguko 3, upasuaji, kisha 3 tena. Baada ya upasuaji mkubwa, sindano ya kuzuia damu kuganda iendelee kwa siku 28, hata mgonjwa akiwa nyumbani. Saratani hii hugandisha damu kuliko watu wanavyodhani.

Kemo ya kwanza karibu kila mahali ni karboplatini na paklitakseli, kila siku 21, mizunguko 6. Paklitakseli ni mg 175 kwa kila mita mraba ya mwili, kwa saa 3. Karboplatini haifuati ukubwa wa mwili bali figo: mg zinazotakiwa ni lengo la kiwango cha dawa kwenye damu (AUC), yaani 5 au 6, kuzidisha kwa uwezo wa figo kuchuja ukiongezewa 25. Hesabu inaonekana nyepesi, na mtego wake uko kwenye kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu ili kukadiria kazi ya figo. Fikiria mama wa miaka 60, kilo 54, aliyekonda kwa ugonjwa. Misuli yake imekwisha, kwa hiyo kreatinini yake inasoma 0.4. Kwa kanuni ya kawaida ya umri na uzito, figo zake zinaonekana kuchuja ml 127 kwa dakika, kama za msichana. Hata ukiweka ukomo wa 125 unaotakiwa, lengo la 5 linampa mg 750. Ukiweka 0.7 kama kiwango cha chini cha kreatinini, jinsi inavyoshauriwa, uchujaji unakuwa 73 na dozi inakuwa mg 490. Tofauti ni mg 260, zaidi ya nusu ya dozi inayomfaa, na atakayeibeba ni mwanamke dhaifu kuliko wote wodini. Chembe sahani zake, zinazogandisha damu, ndizo zitakazoanguka wiki ya tatu.

Siku ya dripu ina utaratibu wake. Neutrofili, chembe nyeupe za kinga, ziwe 1,500 au zaidi, chembe sahani 100,000 au zaidi. Paklitakseli hutangulia, karboplatini hufuata. Deksamethasoni mg 20 saa 12 kabla na tena saa 6 kabla, au kwa mshipa nusu saa kabla, pamoja na dawa ya mzio na ya kupunguza asidi. Muuguzi amuulize mgonjwa kwa upole, tena kwa namna isiyomtia hofu ya kufukuzwa: "Vile vidonge vya usiku ulivimeza saa ngapi?" Wengi waliopata mzio mkali walikuwa wamevisahau. Mpira wa dripu uwe usio na plastiki ya PVC, wenye chujio dogo. Dakika 10 za mwanzo za mzunguko wa kwanza na wa pili, muuguzi asiondoke kando ya kitanda. Dalili huanza na uso kuwa moto, kifua kubana, mgongo kuuma ghafla. Funga dripu papo hapo, acha kanula ilipo, weka maji ya chumvi, oksijeni, dawa za mzio. Ikiwa ilikuwa nyepesi na imetulia, dripu hurudishwa polepole. Mzio wa karboplatini una tabia nyingine: hungoja. Huja baada ya mgonjwa kuizoea, mara nyingi mzunguko wa 8 na kuendelea ugonjwa uliporudi, wakati kila mtu amelegeza macho.

Kabla hajaondoka, mgonjwa na anayekaa naye wajue jambo moja kwa uhakika kuliko yote: joto likifika nyuzi 38, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, wala si kumeza parasetamoli na kungoja asubuhi. Antibayotiki ya mshipa inatakiwa ndani ya saa moja tangu afike. Ganzi ya vidole iulizwe kila mzunguko kwa kazi za mikono: anaweza kufunga vifungo? Kuokota sindano? Ganzi inayozuia kazi hizo ni sababu ya kupunguza dozi sasa, kwani ikizidi huenda isirudi.

Kuhusu kizazi chenyewe maneno ni machache kwa sababu ugonjwa wake unajitangaza: takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huanza kwa kutoka damu. Tone la damu baada ya hedhi kukoma, hata moja, hata la rangi ya waridi, lina uchunguzi wake. Ultrasaundi ikionyesha ukuta wa ndani umezidi milimita 4, kipande kichukuliwe kwa mrija mwembamba wa takriban milimita 3, mgonjwa akiwa macho kliniki. Ukuta ukiwa mwembamba lakini damu ikarudi, kipande kichukuliwe vilevile. Fibroidi zisisingiziwe, zipo kwa wanawake wengi na hazimkingi mtu na saratani. Mwenye kutumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, mwenye uzito mkubwa, au mwenye ukoo wa saratani za utumbo mpana asisubirishwe.

Shingo ya kizazi ina huzuni yake kwa kuwa inazuilika. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18 peke yao husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, chanjo ipo, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali hata dozi moja kwa wasichana. Uchunguzi wa siki ya asilimia 3 hadi 5 ni rahisi, ila unaharibiwa na haraka: siki ikae dakika moja kamili kwa saa, isiwe ya kukisia. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 50 eneo linalotakiwa kuonekana hujirudisha ndani, hivyo siki haimfai, apimwe HPV. Na palipo na kidonda kinachoonekana, hakuna tena uchunguzi wa awali: kipande kichukuliwe, hata kama kipimo cha Pap cha juzi kilisoma safi. Kitolewe ukingoni, penye nyama hai. Katikati ni uozo na jibu litarudi "haitoshi".

Kosa linalotuumiza zaidi hapa ni kutoa kizazi kwa "damu nyingi" bila kuweka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, na kuitazama shingo. Baadaye patholojia inasema saratani, na kizazi ambacho kingeshika kifaa cha mionzi ya ndani hakipo tena. Saratani iliyovuka hatua ya kisu hutibiwa kwa mionzi ya nje pamoja na sisplatini mg 40 kwa mita mraba kila wiki, kisha mionzi ya ndani, ambayo haina mbadala. Yote yaishe ndani ya siku 56. Kila wiki inayopotea kwa mashine kuharibika, damu kupungua au nauli kukosekana inaipa saratani nafasi, kwa hiyo ratiba ya mionzi ya ndani ipangwe siku ya kwanza ya mionzi ya nje. Kreatinini na ultrasaundi ya figo zitangulie: mrija unaotoa mkojo kwenye figo ukibanwa na uvimbe, huo tayari ni ugonjwa wa hatua ya IIIB, na sisplatini juu ya figo iliyozibwa ni kumwongezea janga.

Turudi kwa ovari, maana hadithi yake huwa haiishi na mzunguko wa sita. Kwa waliofika wakiwa na ugonjwa uliosambaa, wengi hurudiwa, na kinachopimwa kwanza ni muda: zaidi ya miezi 6 tangu platini (dawa za jamii ya karboplatini) ya mwisho, platini hufikiriwa tena, chini ya hapo, dawa nyingine. CA-125 ikipanda peke yake, mgonjwa akiwa anakula na kutembea, hakuna ulazima wa kukimbilia kemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa namba tu hawakuishi zaidi ya waliongoja dalili, bali walikaa muda mrefu zaidi kwenye dripu. Hilo tunamweleza mgonjwa kabla hatujakubaliana tupime au tusipime, kwa sababu akishaliona jibu hawezi tena kutoliona.

Jambo la mwisho linalocheleweshwa kuliko yote ni jeni. Kwa saratani ya ovari ya aina ya "serous" ya daraja la juu, ambayo mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, kasoro za kurithi za jeni za BRCA1 na BRCA2 huonekana kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 6. Zikiwepo, vidonge kama olaparibu baada ya kemo hurefusha sana muda wa ugonjwa kutulia, na mabinti na dada zake wanapata nafasi ya kutolewa ovari na mirija kabla ya ugonjwa: miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1, 40 hadi 45 kwa BRCA2, wakishamaliza uzazi. Kipimo kianze kwa mgonjwa mwenyewe. Binti akipimwa peke yake na jibu likawa safi, hakuna anayejua kama ameponyoka kasoro ya mama au kama mama hakuwa nayo kamwe. Damu ichukuliwe siku majibu ya patholojia yanaposomwa, na kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kisitupwe. Siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado na nguvu za kukumbuka, iandikwe orodha ya nani aliumwa saratani gani na akiwa na umri gani: mama, mama wadogo na wakubwa, dada, bibi, kisha mashangazi na upande wote wa baba, kwa kuwa jeni hizi hupitia kwa wanaume vilevile.